Pareto ya Utawala: majani tele, maua hakuna

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mwezi wa tisa mwaka jana mama mkwe wangu wa Molo alinipa visiki kumi vya pareto nivipande kwenye ploti yetu hapa mtaa wa Utawala, Nairobi. Alisema nikiwa na pareto, mbu na kunguni watahama wenyewe. Nilichimba mashimo kando ya ukuta, nikatia samadi ya kuku, na kila jioni namwagilia. Wiki za kwanza yalitoka maua mawili, kisha basi. Sasa ni mwezi wa nne. Majani yamefunga hadi yanaziba njia lakini ua hata moja hakuna, na visiki viwili vimeoza. Mbu nao wako palepale. Je, nilipewa aina mbovu? Ning'oe? Na maua yakija, nayatumiaje? Naweza kupulizia sukuma wiki? Jirani ananiambia hata naweza kuyauza.

JIBU: Usiing'oe, dada. Pareto yako si mbovu, na kwenye visiki mama mkwe hakukosea. Kwa jinsi unavyoieleza, mimea minane iliyobaki ina nguvu nyingi mno. Shida ni mbili: haijaonja baridi ya kutosha tangu itoke Molo, na imelishwa na kunyweshwa kama mboga. Yote mawili yakikutana, pareto inaweza kuota majani mwaka mzima bila kukuonyesha ua.

Yale maua mawili ya mwanzo yanaeleza karibu kila kitu. Ua la pareto huanza kutungwa ndani ya kisiki muda mrefu kabla hujaona bua likichomoza. Mama mkwe alipovichimba visiki, baadhi vilikuwa vimeshashika mimba ya maua kwa baridi ya Molo. Ulichokiona Utawala ni maua yaliyotungwa kule. Yalipokwisha hayo, mmea ulingoja baridi nyingine ije, nayo haikuja.

Molo iko juu, mita 2,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kinangop vivyo hivyo. Utawala iko kwenye mita 1,500 na kitu. Pareto huhitaji kama siku kumi za baridi ya nyuzi 16 au chini ya hapo ndipo ianze kutunga vitumba, na joto likikaa juu ya nyuzi 24 kwa wiki moja hivi, utungaji huo hukwama. Sasa ihesabu miezi yako. Ulipanda Septemba, mvua za vuli zikafuata, kisha ukaingia Januari, Februari na Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto kali Nairobi, mchana nyuzi 27 au 28. Mmea haukupata nafasi hata moja.

Lakini Juni inakuja. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda Nairobi, kuna siku jua halionekani kabisa, usiku hushuka hadi nyuzi 12 na kuna mchana usiovuka 20. Huo ndio msimu wa pareto yako, na kazi yote ya Aprili na Mei ni kuhakikisha unaikuta ikiwa imekaa vizuri, imeshika mizizi, na haina tumbo lililojaa naitrojeni. Ukifanya hivyo, tarajia mabua kuanza kuchomoza Julai au Agosti na maua kuendelea hadi joto lirudi. Hutapata mavuno ya Molo, ambako mkulima huchuma kila wiki mbili tatu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Utawala utapata msimu mmoja mfupi, na kwa bustani ya nyumbani msimu huo unatosha. Aliye Limuru, kwenye mita 2,200, ana bahati zaidi yako, na hata wa Karen na Ngong wana nafuu kidogo.

Tuanze na mahali ulipoipanda, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Ukuta wa mawe hupigwa na jua mchana kutwa na kuliachia joto hilo usiku, saa zilezile ambazo pareto ilihitaji kupoa. Mimea iliyo hatua moja kutoka ukutani hulala kwenye joto ambalo mimea ya katikati ya uwanja hailijui. Ihamishe. Tafuta mahali palipo wazi juu, penye jua la asubuhi hadi saa nane hivi, kisha kivuli. Kivuli cha kutwa nzima hakifai, kwa kuwa mabua hurefuka, hulala chini, na maua huwa machache. Usiiweke pia karibu na mabati ya kibanda cha kuku au tangi jeusi la maji, kwa sababu ileile ya joto.

Halafu kuna udongo, na hapa Utawala na mitaa yote ya mashariki, Embakasi hadi Syokimau, inajulikana. Ni ule udongo mweusi unaonata buti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Pareto huvumilia ukame, huvumilia baridi, huvumilia hata udongo maskini, lakini haivumilii kusimama kwenye maji. Kama hujui udongo wako unapitisha maji kiasi gani, chimba shimo la futi moja, lijaze maji, ngoja yaishe, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikaa hadi kesho yake, usipande pareto hapo chini kabisa. Panda juu.

Kupanda juu maana yake ni tuta lililoinuliwa, la kimo cha kama sentimita 30 hadi 40, lililozungushiwa mawe au mbao. Udongo mwekundu wa upande wa Kiambu huuzwa na wenye malori na mikokoteni, na ndio unaofaa. Changanya makarai mawili ya udongo mwekundu na karai moja la mchanga wa mto, kisha ongeza nusu karai la samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu. Kama ploti ni ndogo, ndoo kuukuu za lita 20 zilizotobolewa matundu chini zinafaa sana, mmea mmoja kwa ndoo. Watu wengi huweka kokoto chini ya ndoo wakidhani zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hukwama pale udongo unapokutana na kokoto, na mizizi inabaki kwenye tope lilelile, sasa likiwa juu zaidi. Weka kipande kimoja cha kigae juu ya kila tundu ili udongo usitoke, kisha jaza udongo mpaka juu.

Kabla ya kuhamisha, kagua vile visiki viwili vilivyooza kama bado hujavitupa. Shika majani ya katikati na uvute polepole. Yakichomoka bila ubishi, shina likiwa la kahawia na lina harufu ya uvundo, hiyo ni fangasi iliyoletwa na maji mengi. Vichome au vitupe mbali, wala usivitie kwenye mboji. Lakini kama mmea ulikuwa ukinyauka saa sita mchana huku udongo una unyevu, na mizizi ina vifundo vidogo kama shanga, hao ni minyoo fundo. Minyoo hao hupenda nyanya, kwa hiyo mahali palipokuwa na nyanya, biringanya au pilipili hoho miaka ya karibuni pawe mwiko kwa pareto. Kwa vyovyote, usirudishe mmea mpya kwenye lile shimo.

Kwa kuwa unahamisha, igawe papo hapo. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye mmea huu, na mvua hizi za masika ndizo wakati wake. Chagua siku ya mawingu. Mwagilia kisiki usiku wa kuamkia siku hiyo ili udongo ulegee. Kata majani yote kwa makasi, ubakize urefu wa kiganja. Zamisha jembe la uma au panga mbali kidogo na shina, zunguka pande zote, kisha inua kisiki kizima na ukipukute. Ukikitazama sasa, utaona si mmea mmoja. Ni kundi la vichipukizi, kila kimoja na majani yake ya kijivu na nyuzi zake za mizizi, vimeshikana kwenye kipande cha katikati kilicho kigumu na cheusi kama kuni. Ingiza vidole gumba viwili katikati na uvivute viachane. Mahali panapokataa, tumia kisu. Kila mche ubaki na vichipukizi viwili au vitatu na mizizi yake. Kile kipande kigumu cha katikati kitupe. Kimezeeka, hakitatoa kitu. Mizizi mirefu sana ipunguze ibaki urefu wa kidole cha kati, kwa sababu mzizi uliokunjwa shimoni huchelewa kushika kuliko uliokatwa.

Panda miche siku hiyohiyo. Kwenye tuta, acha sentimita 30 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mstari na mstari. Usiizike. Mahali majani yanapokutana na mizizi pabaki usawa wa udongo au juu yake kidogo, kwa kuwa udongo ukiingia kwenye moyo wa mche, mvua ya kwanza itauozesha. Bana udongo kwa ngumi, mwagilia mara moja, na ufunike kwa matawi kwa siku chache jua likiwa kali. Visiki vinane vya ukubwa unaoueleza vitakupa miche arubaini au zaidi. Huna haja ya yote. Panda kumi na mitano iliyo bora, na mingine wagawie majirani.

Sasa mbolea. Samadi ya kuku imejaa naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani. Sukuma wiki huitaka kwa sababu unakula majani. Pareto unataka maua yake, kwa hiyo usiipe tena samadi ya kuku, wala mbolea za dukani za yuria na CAN. Kinachoisaidia ni fosforasi wakati wa kupanda, nayo ipo kwenye mbolea ya dukani iitwayo TSP. Kijiko kimoja cha chai kwa shimo, ukikichanganya na udongo kwanza ili kisigusane na mizizi. Baada ya hapo, konzi moja ya mboji kwa mwaka inatosha, na hata ukisahau haitakufa.

Maji vilevile. Najua inauma kuacha mmea bila maji jioni ukiwa na mpira mkononi, na najua ulikuwa ukiutunza kwa moyo. Ila kwa pareto, kumwagilia kila jioni ndiko kulikoua vile viwili. Miche mipya ipe maji kila baada ya siku mbili tatu kwa mwezi wa kwanza, mvua zikikosekana. Ikishashika, ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, ondoka. Pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo wala si juu ya majani, na uloweshe hasa. Mara nyingi hiyo itakuwa mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi ya Julai huenda ukakaa wiki mbili. Za kwenye ndoo hukauka haraka zaidi, lakini kipimo ni kilekile cha kidole.

Magugu yang'oe kwa mkono yakiwa machanga, maana mizizi ya pareto iko karibu na uso wa udongo na jembe huikata. Wadudu hawatakusumbua sana. Ni ajabu kwamba mmea unaoua wadudu nao huliwa, lakini thripsi huingia kwenye vitumba na utitiri mwekundu hukaa chini ya majani wakati wa joto. Dawa ya bustani ya nyumbani ni kuyapiga majani kwa maji ya mpira asubuhi na kukata vitumba vilivyoharibika. Ukiona kitumba kimegeuka kahawia na kuning'inia kabla ya kufunguka, kikate na bua lake ukichome, kwa sababu huo ni ugonjwa wa fangasi unaoenea kwa mvua.

Maua yakishaisha, tuseme Desemba au Januari, kata mabua yote makavu hadi kimo cha kiganja. Bila kukata, kisiki hujaa vijiti vikavu katikati na vichipukizi vipya hukosa hewa. Mmea mmoja utakaa miaka mitatu au minne ukizaa vizuri, kisha unaugawa tena kama nilivyoeleza, na ukoo unaendelea.

Nije kwenye mbu, kwa sababu hapa umeambiwa jambo ambalo watu wengi wema huambiana. Pareto iliyosimama bustanini haifukuzi mbu. Sumu yake, pirethrini, haitoki hewani kama harufu ya mchaichai. Imefungwa ndani ya kichwa cha ua, na karibu yote iko kwenye vijimbegu vichanga vilivyo chini ya ile sehemu ya njano. Kwenye majani imo kidogo mno. Kwa hiyo kichaka chako cha majani matupu, hata kingejaa ploti nzima, mbu angelala juu yake. Ili ifanye kazi, lazima ua likauke, lisagwe, na unga wake umguse mdudu au uchomwe awe kwenye moshi wake.

Pareto ilitoka pwani ya Dalmatia, katika nchi ya leo ya Kroatia, na huko ndiko ilikojulikana kwanza kuwa unga wake unaua wadudu. Wajapani waliichukua, na mwishoni mwa karne ya 19 wakaanza kuichanganya na unga mwingine kutengeneza vijiti vya kuchoma, kisha ile dawa ya mbu ya mviringo tunayoijua. Kenya ililetewa mmea huu mwishoni mwa miaka ya 1920, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokata biashara na Japani, nyanda zetu za juu zikawa ndizo zinazoulisha ulimwengu. Familia nyingi za Molo, Kinangop na Kisii zilisomesha watoto kwa maua haya, na nadhani heshima aliyonayo mama mkwe kwa mmea huu inatoka huko. Anaijua pareto kama zao lililokaushwa na kusagwa. Ni katika kuhama kutoka shambani kuja mjini ndipo lile neno la kukausha na kusaga lilipopotea njiani.

Usiku, basi, chandarua kibaki palepale. Na usichome unga wa pareto ndani ya chumba kilichofungwa, hasa penye mtoto au mtu wa pumu. Moshi ni moshi hata ukitoka kwenye ua. Ukitaka kuchoma, choma nje kwenye baraza, unga kidogo juu ya kaa moja lililokaribia kuzimika.

Kuchuma kuna wakati wake. Tazama sehemu ya njano kwa karibu na utaona ni vijiua vidogo vingi vilivyopangwa kwa mizunguko, vinavyofunguka kuanzia nje kwenda ndani. Ua likiwa changa, vyote vimefumba na uso wake ni laini. Petali nyeupe zikishalala sawa, na mizunguko mitatu hivi ya nje ikiwa imefunguka na kutoa chavua, hapo pirethrini imejaa. Chuma. Ukingoja hadi katikati kote kufunguke na petali zianze kujikunja, umechelewa. Chuma umande ukishakauka, kichwa tu bila bua, kwa kukibana kati ya vidole viwili na kukivunja. Weka kwenye kikapu au chombo cha wazi. Mfuko wa plastiki hufanya maua yapate joto na kuvunda kabla hujafika mlangoni.

Yatandaze siku hiyohiyo juu ya wavu wa dirisha ulioinuliwa, tabaka moja tu. Jua la kawaida linafaa maadamu maua ni mazima, kwa sababu ganda la ua huihifadhi pirethrini. Yaingize ndani usiku. Yako tayari ukikibana kichwa kimoja na kikasagika mkononi. Yahifadhi yakiwa mazima kwenye mkebe wenye mfuniko, gizani, na usage tu kile unachotumia wiki hiyo. Pirethrini huharibiwa haraka na mwanga. Unga ulioachwa dirishani siku kadhaa huwa ni vumbi tu. Udhaifu huo ndio pia uzuri wake, kwani ikipuliziwa kwenye jani haikai muda mrefu kama dawa nyingi za viwandani.

Unaposaga, saga nje, funga kitambaa puani na uvae glavu. Vumbi la pareto huwasha ngozi ya baadhi ya watu na hubana kifua cha wenye mzio.

Kwa mende na sisimizi, nyunyiza unga mkavu kwenye nyufa, nyuma ya kabati na mahali wanapopita. Hapo utaona kazi yake vizuri, kwa sababu ni gizani na pakavu. Pirethrini huvuruga neva za mdudu, akaanguka haraka akitapatapa. Wengine huzinduka kama dozi ilikuwa ndogo, kwa hiyo wafagie na kuwatupa.

Sukuma wiki unaweza kupulizia dhidi ya vidukari, ukielewa mipaka yake. Pirethrini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo kinachofanya kazi ni unga laini unaoelea. Tia vijiko viwili vya mezani vya unga mpya kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, ongeza matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali, funika kwa saa chache gizani, kisha chuja makapi makubwa kwa kitambaa chepesi. Sabuni ya magadi usitumie, huivunja pirethrini. Pulizia jioni, jua limezama na nyuki wamerudi mizingani. Hili la nyuki ni muhimu kwangu kuliko vidukari vyako: pareto haichagui, huua mdudu mwema na mbaya, na ni sumu kali kwa samaki. Usioshee pampu karibu na bwawa wala mtaro unaoelekea mtoni. Elekeza dawa chini ya majani wanakokaa vidukari, sio shamba zima. Ngoja siku mbili kabla ya kuchuma, kisha osha majani vizuri. Mchanganyiko wa kienyeji hauna nguvu inayopimika, kwa hiyo wadudu wakizidi, nenda agroveti uombe dawa ya pirethrini yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu, na ufuate kipimo na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kama una paka, muweke mbali na unga na dawa. Mwili wake hushindwa kuvunja sumu za jamii hii vizuri.

Kunguni, pole, pareto haitawamaliza. Kunguni wa siku hizi sehemu nyingi wameshazoea dawa za jamii ya pirethroidi, ambazo ni ndugu wa kiwandani wa pirethrini, na aliyezoea moja mara nyingi haiogopi nyingine sana. Joto ndilo wasilolizoea. Fua matandiko na mapazia kwa maji moto ya nyuzi 60 au zaidi, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda cha chuma, ziba nyufa za ukuta, na urudie baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu mayai huanguliwa nyuma yako. Unga wa pareto utie kama nyongeza kwenye nyufa, kamwe usiupake kwenye godoro mnalolalia.

Kuhusu kuuza, jirani anakutakia mema lakini hesabu haiji. Kilo moja ya maua makavu hutokana na kama kilo nne za maua mabichi, na kichwa kimoja hakina uzito wowote wa kuhisi mkononi. Viwanda hununua kavu na hulipa kwa kiwango cha pirethrini kilichomo, ambacho kwa kawaida ni kati ya asilimia moja na mbili, na ya sehemu za joto huelekea kuwa hafifu. Miche kumi na mitano ya Utawala ni ya matumizi ya nyumbani. Kama kuna kitu cha biashara hapo, ni miche yenyewe. Watu wa miji ya Kikuyu, Limuru na Tigoni, walio kwenye baridi, huitafuta mvua zikianza. Uwape iliyo hai, yenye mizizi, imefungwa kwa gunia lenye unyevu, nao waipande siku hiyohiyo.